Theluthi Mbili

Ijumaa, chumba cha maandalizi, chuo cha Paisley.
Mvua ya Uskoti inapiga dirisha kwa ubavu,
nami napanga chupa kumi na mbili za mviringo,
kila moja na asidi yake ya siki, kali, isiyo na maji,
kila moja na alkoholi yake ya kukaba koo.

Matone manne ya asidi ya salfa.
Huyu ni mshenga, nawaambia wanafunzi:
hali karamu, hagusi mahari,
mwisho wa siku mtamkuta kama alivyokuja.
Ila msimsifu mno.
Anayeharakisha ndoa
ndiye huyo huyo anayeharakisha talaka.

Wanacheka. Mwalimu Drummond hacheki;
anataka neno kichocheo liandikwe ubaoni.

Eilidh, kalamu sikioni, anauliza
kama chupa itatoa joto au italimeza.
Hesabu, namwambia.
Kifungo kikivunjwa huku, cha namna yake hujengwa kule,
kaboni na oksijeni, oksijeni na hidrojeni,
gharama ya kubomoa karibu sawa na malipo ya kujenga.
Kinachobaki mkononi ni senti, tena za shaba.
"Basi moto wa nini?"
Wa kupandia. Bonde la huku na bonde la huko
yana kimo kimoja, lakini katikati pana kilima,
na hajakivuka mtu aliyepoa.

Saa nne tunapima. Saa nne u nusu tunapima.
Asidi inapungua, inapungua, kisha
saa sita, namba ile ile.
Saa saba, ile ile.
Theluthi mbili zimekuwa esta na maji,
theluthi moja imebaki kama ilivyomiminwa.
"Imekufa," anasema Eilidh.

Haijafa.
Hapo ndipo penye pilikapilika:
wanaoungana ni sawa na wanaoachana,
kila nukta, mlango mmoja,
hawa wakiingia na hao wakitoka,
na sisi tulio nje twaona nyumba imetulia.

Sikuwaambia kwamba naijua nyumba hiyo.
Iko juu ya duka la mazulia, ghorofa ya tatu,
ina bomba linalovuja na mume aitwaye Shamte.
Talaka mbili ameandika, rejea mbili zimefuata.
Ya kwanza, tuligombania fedha za mazishi ya mamake.
Ya pili sikumbuki; nakumbuka msumari mtupu
pale anapotundika koti.
Jirani yetu, Bi McAskill, husema
hajapata kuona watu watulivu kama sisi.

Harufu imetoka: pipi za ndizi, wanasema wote.
Ndizi gani? Mimi nimelelewa kwa mizuzu na mikono ya tembo,
wala hakuna iliyonukia hivi.
Lakini mlinzi wa chini amepanda ngazi
kuuliza nani anaoka keki.

"Na tukitaka iende mbele yote?"
Ondoa maji. Kila tone likizaliwa, livute nje,
nao wataungana wakikifuata walichopoteza.
"Na kurudi nyuma?"
Ongeza maji.
"Na irudi nyuma, isiungane tena kabisa?"

Nikatazama rafu ya juu.
Ipo chupa ya plastiki, kifuniko chekundu: magadi makali.
Hayo yakiingia, esta huvunjika,
asidi hugeuka chumvi,
na chumvi haiposi.
Hiyo ndiyo ya tatu, nikakaribia kusema,
nikaandika mlinganyo badala yake,
mshale mmoja tu, wa upande mmoja.

Saa tisa naosha chupa kumi na mbili.
Ufunguo wa rafu ninao mimi.
Lile neno analo yeye.
Simu inatetemeka mfukoni mwa koti jeupe:
yuko dukani, anauliza maziwa,
ya lita moja au ya mbili.
Vidole vyangu vinanuka ndizi isiyoota popote.
Navifuta. Naandika:
ya mbili.